Akichuchumaa, Mwache

Kibirichia,
Jumapili, 13 Oktoba 2024.

Kwa mdogo wangu mpendwa Cicily, Mama Beverlyne,

Nakusalimu katika jina la Bwana, salamu nyingi kushinda viazi vya Kibirichia mwaka ule mvua ilikataa kukatika. Msalimie Baba Beverlyne, msalimie Beverlyne mwenyewe, na yule mama wa ghorofa ya chini aliyenishika mkono siku ile nilipokuja Embu, jina lake sikuuliza. Mnaendeleaje huko mtaani Majimbo? Kaka yetu Mutwiri ameniambia ulikuwa na kifua, na kwamba umekonda mpaka pete ya ndoa inazunguka kidoleni. Naomba kifua kiwe kimepoa. Sisi hapa miili iko. Ng'ombe wanakamuliwa, kijana wangu Kinyua amerudi chuoni, na viazi vya chini ya barabara vimetoa maua mpaka watu wanasimama kuviangalia, unajua viazi vyangu. Hayo ndiyo mepesi. Yale mazito yanataka karatasi, ndiyo maana nimenunua daftari zima la kurasa thelathini na mbili.

Najua hushiki simu yangu tangu mazishi ya Mukiri. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningeshaitupa hiyo simu mtoni Rupingazi, na huyo anayepiga ningemtupa nyuma yake. Lakini hata ungeshika, haya si maneno ya simu. Mtu akilia kwa simu, wa upande ule hasikii neno, anasikia pua tu. Kwa hivyo nimeandika kwa mkono wangu, huu huu uliosifiwa na mwalimu mkuu nikiwa darasa la saba, kabla baba hajasema shule imetosha, na Mutwiri atakuwekea barua mkononi. Usiichane kabla hujafika mwisho. Ukifika mwisho ni yako, ichane ama iweke.

Mutwiri aliniambia mengine. Ati umeacha kufundisha Shule ya Jumapili. Ati ulimwambia mchungaji wenu kwamba mtu aliyemrudishia dada yake mtoto ndani ya sanduku hawezi kuachiwa watoto wa wengine. Cicily, hayo maneno si yako. Ni yangu. Ni mimi niliyeyasema pale kaburini nikiwa nimeshika mikrofoni, spika zikisikika mpaka sokoni, na watu wote wakageuka kukutazama wewe ukiwa umesimama na maua ya mtoto wangu mkononi. Barua hii ni ya hayo maneno. Nataka kuyachukua kutoka kwako, kwa sababu yana mwenyewe.

Lakini niache nimsifu mtoto wangu kwanza. Unanijua, siwezi kuingia jambo lolote bila kupitia hapo, na siku hizi nikianza kumsifu hapa nyumbani watu wanageuza uso.

Mukiri alisoma kabla meno ya mbele hayajang'oka. Gredi ya Tano alikuwa wa kwanza kati ya watoto arobaini na watatu, na huyo wa pili alikuwa mbali, hata hawakuonana. Akisoma Neno kanisani wazee walikuwa wanaacha kukohoa. Jina lilikuwa la mama yake mume wangu, Baba Kinyua, na lilimkaa vizuri, Mukiri, mtu wa kunyamaza. Alikuwa anangoja wote tumalize kelele zetu, halafu anasema neno moja na mambo yanaisha. Hilo hakulitoa kwangu, nakubali.

Na kazi! Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia akiwa na miaka minne tu. Watoto wa wenzangu wanakimbizana shambani wakitupiana madongo, na wangu amechuchumaa kwenye mtaro, magoti yamefika kifuani, anaokota kiazi kimoja kimoja. Anaokota, anabaki hivyo hivyo amechuchumaa, anatazama mlima, halafu anainuka na kusonga mbele. Nilikuwa nawaambia akina mama, tazameni, huyu amezaliwa na shamba ndani yake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mtoto aliyelamba wino wa biro. Nilisema ni baridi yetu, na hata hivyo, akiwa mkubwa hatahitaji kununua rangi ya mdomo. Vidole vyake vilikuwa vinene kwenye ncha, vya mviringo, na kucha zimejipinda kama mgongo wa kijiko. Nilisema hivi ni vidole vya kompyuta, huyu atakaa ofisini. Akikimbia hatua kumi anachoka. Nilisema watu wa akili hawakimbii, wanatuma wengine.

Unaona, mdogo wangu? Kila alama ya ugonjwa nilikuwa nimeipa cheo. Daktari wa Embu aliyekueleza baada ya kifo alizitaja zote, midomo, vidole, kuchoka, kuchuchumaa. Ulinihesabia kwa simu ukilia. Ukaniambia, dada, wanasema moyo ulikuwa na kasoro tangu tumboni na hakuna aliyejua. Ulisema hivyo kunihurumia, ili nisijilaumu. Na mimi nikanyamaza nikaichukua huruma yako.

Sasa turudi Agosti, kwa sababu huko ndiko mimi na watu tulikokufungulia kesi. Wewe ulimwomba Mukiri kwa simu, aje kwako likizo. Nilipoanza kuzungukazunguka na maneno ukaniuliza kama mtoto wangu ni vikombe vya wageni, vya kufungiwa kabatini. Hapo ndipo mdomo wangu uliponizidi. Nikakuambia umlete Beverlyne wako karibu na ngazi, na Mukiri atapandisha maji mpaka ghorofa ya tatu, arudi amkute Beverlyne bado anatafuta mtungi. Ukasema sawa, tutaona hao watu wa milimani kama ni mapafu wanayo ama ni maneno. Tulicheka sana. Mukiri alikuwa kwenye mlango akisikiliza, na yeye akacheka, kwa ile namna yake ya kutotoa sauti. Kesho yake alikuwa amepanga nguo zake, na mimi nimemfungia mfuko wa bitiruti zilizokufanya useme ati tunadhani Embu hakuna soko.

Siku ya nne ulinipigia. Ulikuwa unapika, nilisikia mafuta. Ukaniuliza kwa nini mtoto anachuchumaa-chuchumaa, kando ya duka, kwenye geti, hata sebuleni mbele ya televisheni. Nikakuambia ni mazoea ya viazi. Nikasema mtoto wa Kibirichia ukimtoa shambani anaendelea kuvuna hewa. Ulicheka mpaka ukaangusha mwiko, na ukanilaumu kwa mwiko. Hilo jibu langu, Cicily, lishike vizuri. Nitalirudia.

Yale ya siku ya kumi na moja ulinieleza wewe mwenyewe bila kuficha hata unywele, na ungeweza kuficha, kwa sababu hapo ngazini hakukuwa na mtu mzima mwingine. Maji yalikuwa yamepotea kwenye nyumba. Wewe ulibeba lita ishirini, Beverlyne kumi, na Mukiri ukampa mtungi mdogo wa lita tano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, kwa sababu ulikuwa umeona mwili wake ni mwembamba. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu akauweka chini, akachuchumaa. Beverlyne alikuwa juu tayari, akacheka, akamwita mvuna viazi. Na wewe, kwa ule mzaha niliokupa mimi, ukamwambia Mukiri hapa hatuvuni viazi, simama mama, jikoni wanangoja maji. Akakutazama. Ulisema alikutazama sana. Halafu akajibu sawa Anti. Lakini hakuinuka upesi, kwa hivyo ukamshika chini ya kwapa ukamwinua, polepole, vile mtu yeyote anavyomwinua mtoto. Akapanda ngazi tatu. Rangi ikamgeuka, midomo ikawa kama makaa, akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayezama, na akakuangukia. Gari la jirani lilipofika hospitali, madaktari walifanya kazi yao, lakini mtoto alikuwa ameshaenda.

Ulinieleza hivyo kwa sababu mimi ni dada yako. Na neno moja katika yote hayo, lile la kumwinua, nililiweka mfukoni kama jiwe. Siku ya mazishi nikalitoa. Nilisema nilimpa ndugu yangu mtoto anayepanda na kushuka, naye akamfanya punda wa maji. Nilisema mtoto aliomba kupumzika na shangazi wa damu akamwinua kwa nguvu. Hata cheo chako nilikikosea, mama mdogo nikamwita shangazi, na hakuna aliyenisahihisha. Nakumbuka hata mahali nilipokata pumzi ili watu wapate nafasi ya kulia. Jirani yangu Ruguru ndiye aliyeanza, wengine wakamfuata. Wewe uliweka maua, ukarudi nyuma ya watu, na Baba Beverlyne akakufunika na koti lake kana kwamba mvua inanyesha.

Hapa juu nimechora mistari ya bure. Samahani, kalamu ilikuwa inatafuta pa kupitia.

Cicily, nilijua.

Mwezi wa nne mwalimu alinitumia ujumbe kwamba Mukiri amezimia kwenye michezo. Nikampeleka Nkubu, hospitali ambako daktari wa mioyo ya watoto huja mara moja kwa mwezi. Anaitwa Daktari Thuranira, mtu mpole, viatu vyake vina matope kama vyetu. Baba Kinyua nilimwambia tunakwenda kupima damu. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, mbele na nyuma, halafu akampaka dawa ya kuteleza na kupitisha mashine inayoonyesha moyo kwa picha. Alimuuliza Mukiri mambo, na Mukiri akajibu kwa Kiingereza, yote, anapochoka, anapoona giza, anavyopata nafuu akikunja magoti. Daktari akasema si wengi wa umri huo wanaweza kujieleza vile. Unaona, hata pale nilipata kitu cha kujisifia.

Halafu akageukia mimi. Akaniuliza kama kwetu tunamwagilia kwa paipu. Nikamjibu anaongea na katibu wa akina mama wa mradi wa maji. Akacheka, akaomba daftari la Mukiri, akachora. Akasema moyo ni pampu yenye vyumba vinne. Upande mmoja unapokea damu iliyochoka na kuituma kwenye mapafu ikasafishwe. Upande wa pili unapokea ile iliyosafishwa na kuituma mwilini. Kwa Mukiri, ile paipu ya kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba tangu tumboni, kama valvu iliyofunguliwa robo tu. Na kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini kulikuwa na tundu. Paipu kubwa ya mwilini nayo ilikuwa imekaa juu ya hilo tundu badala ya kukaa upande wake. Basi ile damu chafu ikikosa njia ya mapafuni inapita tunduni, inachanganyika na safi, inatumwa mwilini hivyo hivyo. Ndiyo inayopaka midomo rangi ya wino. Na nyama ya moyo upande ule imekuwa nene kwa kusukuma mlango usiofunguka. Kasoro nne, akasema, lakini zinakuja pamoja kama ndugu, na hazikuletwa na chakula, wala baridi, wala mkosi wa mtu. Nilimuuliza kuhusu ile dawa ya viazi niliyopulizia nikiwa na mimba yake. Akasema hawezi kuniambia ni hiyo, na nisijibebeshe.

Kisha akaeleza kuchuchumaa. Akasema, mama, ukikunja mpira wa maji, maji yanarudi kutafuta njia nyingine, sivyo? Akichuchumaa anaikunja mishipa ya miguu. Damu inabanwa huko chini, na ile iliyo moyoni inalazimika kwenda mapafuni. Hakufundishwa na mtu, mwili wake umejifundisha. Kwa hivyo asikimbizwe, asibebeshwe, asikae na kiu. Na akichuchumaa, mwache. Usimwinue, usiruhusu mtu amwinue, mpaka ainuke mwenyewe. Akigeuka rangi, mkunje magoti yafike kifuani na mkimbize hospitali. Aliyasema mara mbili, akanifanya niyarudie kama mtoto wa chekechea. Nikayarudia bila kukosea. Akaniandikia barua ya kwenda Nairobi kwa upasuaji, wazibe tundu na kupanua ile paipu. Akasema watoto wengi wakishafanyiwa wanarudi nyumbani na kucheza mpira.

Nilitoka pale na nia njema, naomba uniamini. Nilikuwa nimepanga hata sentensi ya kumwambia Baba Kinyua. Lakini nilipofika nyumbani nilikuta akina mama wa ushirika wanane jikoni kwangu wakimenya viazi vya wageni wa kanisa, na Ruguru, unamjua mdomo wake, akasema bila kuinua macho kutoka kwa kisu, ati wengine wetu tumezaa watoto wa kawaida tu, lakini angalau wanapanda kilima. Wenzake wakacheka kidogo. Na mimi, na daftari lile likiwa kwapani, nikasema daktari amestaajabu, ati moyo wa Mukiri una nguvu kama wa fahali, ni damu tu imepungua, ale bitiruti.

Ndivyo ilivyotoka. Haikuwa imepangwa. Ilitoka tu kama majigambo yangu yote yanavyotoka, imevaa na kuchana nywele. Baba Kinyua aliporudi walimwambia wao kabla sijafungua mdomo. Alifurahi, Cicily, sijawahi kumwona hivyo. Jumapili akapeleka kanisani gunia la viazi na kondoo dume wa shukrani, tukaitwa mbele, mchungaji akamwekea Mukiri mkono kichwani, na watu wakapiga makofi. Sasa niambie, ningemwambia mume wangu jioni ya siku gani? Nikasema moyoni nitampeleka Nairobi kimya kimya, kama mtu anayekwenda kutembelea wageni. Tarehe ya Juni ikanikuta kwenye mavuno. Nikaomba nyingine, nikapewa tatu Septemba. Barua ya daktari nikaitia kwenye mkebe wa mbegu.

Kwa hivyo uliponiuliza kwa nini anachuchumaa, maneno ya daktari nilikuwa nayo sikioni, mazima, mara mbili. Ningesema tu mwache, usimwinue. Maneno mawili. Nikakupa mzaha wa viazi, na wewe ukaubeba mpaka ngazini.

Jumatano iliyopita nilimwambia Baba Kinyua. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kofia. Aliniuliza swali moja tu, kama mtoto alijua. Hilo ndilo zito zaidi nililokuwa nimemficha, na nimekuficha wewe pia mpaka mstari huu.

Alijua. Alikuwa kwenye kile kitanda cha daktari akifunga vifungo vya sweta, akasikia kila neno, na akalielewa kuliko mimi. Pale Nkubu nilimnunulia ndizi mbili, nikamkalisha, nikamwambia haya ni ya mimi na wewe. Usimwambie baba, usimwambie mwalimu, usimwambie hata Anti Cicily. Wakijua watakuita mgonjwa, na mgonjwa hapewi nafasi ya kusoma mbele ya watu. Akaniambia sawa Mama.

Kwa hivyo pale ngazini, alipokutazama sana, alikuwa na jibu. Angesema Anti, daktari alisema niachwe, na wewe ungeketi naye chini mpaka jioni, maji yangengoja. Alilimeza. Hakuwa mkaidi, wala hakuwa mvivu. Alikuwa anamtii mama yake. Huo mkono wako ulimwinua mtoto ambaye mimi nilikuwa nimeshamziba mdomo.

Nilirudi kwa Daktari Thuranira wiki ya pili ya Septemba, peke yangu, nikamweleza. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba angepona siku ile kama angeachwa amechuchumaa, pengine ndiyo, pengine hapana, ile hali ikija huwa inakuja kwa nguvu. Sikuandikii hilo kupunguza kitu. Nimeandika kwa sababu najua ungeuliza.

Na jambo jingine ambalo hata Baba Kinyua sijamwambia. Tarehe mbili Septemba, siku nne baada ya mazishi, nilipigiwa simu kutoka Nairobi. Msichana mwenye sauti nzuri akanikumbusha kwamba Mukiri anangojwa kesho saa mbili, tuje mapema, tubebe barua. Nikasema asante, tutakuja. Sikuweza kusema lile lingine. Nimefikiria mara nyingi kwamba kuna mama mahali ambaye mtoto wake angeonwa saa hiyo, kama ningekuwa na ujasiri wa kusema neno moja kwenye simu.

Baba Kinyua anakula ninachopika, anashukuru chakula, anatoka. Tangu Jumatano hajaniambia kingine. Mtungi wa maziwa anaupeleka yeye mwenyewe barabarani siku hizi, ili nisimsindikize.

Nimemwomba mchungaji mikrofoni Jumapili ijayo, tarehe ishirini. Aliniuliza kama ni ushuhuda. Nikamwambia hapana, nimeshatoa ushuhuda wa kutosha. Nitayasema haya niliyokuandikia, bila kuyavalisha. Nitasema nilipewa maagizo na daktari nikayaficha kwa sababu ya mdomo wa jirani mmoja na mdomo wangu mkubwa zaidi. Nitasema dada yangu Cicily alimwinua mtoto kwa upole, vile ningetaka mtoto yeyote ainuliwe, na kwamba mimi nilijua na yeye hakujua. Nitalitaja jina lako mara tatu, ili wale wa nje wasikie. Usije. Usije kusimama tena mbele ya watu kwa ajili yangu. Mutwiri atakuwepo, atakuambia kama nimepunguza.

Beverlyne mwambie kicheko hakiui mtu. Mwambie Mukiri mwenyewe alikuwa anamcheka yeye kwa simu, ati anakula ugali kama mtu anayejenga. Akikua umpe barua hii asome.

Na wewe rudi Shule ya Jumapili. Nakuomba kama mkubwa wako, na kama mtu asiye na haki ya kukuomba. Hao watoto wanakuhitaji wewe kuliko mtu mwingine, kwa sababu sasa unaona. Ukimwona mtoto anachuchumaa katikati ya mchezo wakati wenzake wanakimbia, ama midomo yake ina rangi na hakuna baridi, ama mtoto mchanga anatoka jasho akinyonya na kukatisha kupumua, muulize mama yake. Na mama akikujibu kwa mzaha, usimwamini.

Sikuombi msamaha hapa. Kitu kama hicho hakitumwi kwa mkono wa Mutwiri. Nitakuja mwenyewe kuuomba siku utakayosema nije, na usiposema nitajua. Ninaomba kitu kimoja kingine. Ulikaa na mtoto wangu siku kumi na moja za mwisho, na mimi sijui chochote kuhusu hizo siku. Kila nilipopiga niliongea mimi. Niandikie. Alikula nini. Alilala upande gani wa kitanda na Beverlyne. Mlimpeleka wapi, na kama alichoka, alipumzikia wapi. Alicheka nini. Kama alisema kitu kunihusu, niandikie hata kama ni kibaya. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nakusimulia Mukiri na wewe unasikiliza. Sasa nisimulie wewe.

Kinyua anakusalimu kutoka chuoni, yeye hajui bado, nitamwambia uso kwa uso. Mama pia anakusalimu, na anauliza kama ulipata lile blanketi. Asubuhi hii, nilipomwambia Baba Kinyua kwamba nakuandikia, alisimama mlangoni na mtungi mkononi. Halafu akanipa neno la kukuandikia, la kwanza tangu Jumatano. Anasema siku ya mazishi hakukupa mkono, na kwamba huo mkono bado anao, atakuletea mwenyewe.

Mungu awe nanyi hapo nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Gladwell.